Likizo ya Pua

"Wafanyakazi wote wanaarifiwa kwamba soksi tano nyeusi zilizotoweka kwenye kamba nyuma ya jiko hazikuibwa. Zimetwaliwa na uongozi kwa ajili ya kufunikia chupa ili majina yasionekane, na zitarejeshwa zikiwa safi. Kikao cha kuonja divai nyekundu za Kiitaliano, za bei nafuu na za kunywewa siku yoyote bila sababu maalumu, kitafanyika leo saa tisa alasiri."

Msimamizi wa ukumbi wa kulia alilisoma tangazo hilo mara mbili, akatamani kuugua. Lakini ugonjwa ulikuwa umeshampitia. Mafua ya majuma matatu yaliyopita yaliondoka na uwezo wake wa kunusa, na tangu hapo aliishi kama mtu aliye nyuma ya kioo: kahawa ilikuwa maji ya moto, sabuni ilikuwa povu, na watu walipita mbele yake taratibu kama wanaotembea chini ya maji. Hakumwambia mtu. Hoteli nzima ilimwita Mama Pua, na ni kwa jina hilo, wala si kwa cheti, alichagua divai ya meza kwa miaka kumi na miwili. Siku wakijua, angerudishwa kukunja vitambaa.

Alikaa makusudi mkabala na mpishi mkuu, mdogo wa mumewe, mtu asiyeweza kuficha jambo usoni. Akikunja uso, divai mbaya; akitulia, nzuri.

Chupa ya kwanza, shemeji akakunja uso.

"Imechacha," Mama Pua akatamka kwa uzito. Meneja akaandika.

Ya pili, uso ukatulia.

"Cheri. Na mbao kuukuu."

Ya tatu, akajikunja kama aliyekanyaga msumari.

"Hii hata kupikia haifai."

Meneja akainua kalamu. "Namba mbili na namba tatu ni divai moja. Niliweka chupa pacha, kwa ajili ya uhakiki."

Mama Pua akamgeukia mpishi.

"Shemeji, mbona umekunja uso?"

"Gego la kushoto, shemeji yangu. Divai ikipita kulia, sina neno. Ikipita kushoto, roho inaaga. Kwani wewe unaonja divai au unaonja uso wangu?"

"Sinusi kitu. Wiki ya tatu sasa."

"Na ukanyamaza!"

"Mbona wewe hukusema jino?"

"Jino langu halina cheo."

Meneja hakucheka, alisema zimebaki chupa mbili, na kikao ni kikao.

Kwa kuwa hakuwa tena na la kuficha, Mama Pua alifumba macho. Divai ya nne iliingia bila jina, kama mgeni aliyevua viatu mlangoni. Ilikwaruza ufizi, kisha ikatulia, ikashuka na joto lake. Jua lilipenya glasi na kumwaga doa jekundu juu ya kitambaa cheupe; doa likatanuka, likawa sakafu nyekundu ya nyumba ya wazazi wake, iliyosuguliwa ikang'aa, baridi chini ya nyayo. Katika chumba cha mwisho mama yake alikuwa akizungumza. Maneno hayakufika, sauti ilifika. Alitembea kuifuata, na korido ya nyumba ile ikazidi kurefuka, mpaka mtu akakohoa.

"Hii ni ya mtu aliyerudi kutoka kazini akakaa," alisema. "Ataimaliza glasi bila kujua."

Mpishi akainywa kwa upande wa kulia. "Haswa. Hivyohivyo."

Soksi ikavuliwa: Montepulciano, ya bei ya chini kuliko zote. Meneja aliitazama chupa, akamtazama Mama Pua, akaigeuza chupa kama anayetafuta kanuni nyuma yake. Kanuni haikuwepo. Ya tano haikufunguliwa. Asubuhi iliyofuata karatasi mpya ilibandikwa ukutani:

"Uongozi umeamua kwamba pua ya hoteli ipewe likizo ya siku saba, na inatakiwa kuripoti kazini Jumatatu saa mbili kamili. Uchaguzi wa divai umeahirishwa hadi itakaporipoti. Soksi zimerejeshwa, isipokuwa moja, ambayo bado imevaliwa na chupa ya tano."