Namba Sita na Wenyewe Wake Wawili

Kwaresima ya mwaka 1954, Élisabeth wa Songo alikuwa na shida moja tu: amri kumi za Mungu. Alizijua mara mbili.

Utotoni mama yake alimpeleka kila Jumapili kwa Waprotestanti, akazikariri zote kwa namba, ingawa hakufika kubatizwa. Sasa alikuwa amechumbiwa na Libérat, kijana Mkatoliki wa Rugenge, na padiri hakutaka kuwafungisha ndoa kabla ya ubatizo. Misioni ya Wakatoliki pia walizihesabu amri, ila si kwa namba zile zile. Kwa Waprotestanti, kukataza sanamu ni amri ya pili, peke yake. Kwa Wakatoliki imo ndani ya ile ya kwanza, hivyo karibu zote zinazofuata husogea hatua moja. Siku ya mtihani wa ubatizo katekista hutaja namba, nawe hujibu papo hapo. Ukikosa, unangoja Pasaka nyingine.

Libérat alimpima kila jioni uani kwao. Akiulizwa ya sita, Élisabeth alijibu "Usiue," ambayo misioni ni ya tano.

"Umeua tena," Libérat alisema. Wiki ile aliua mara nane.

Koko Pudentienne, bibi yake Libérat, hakuwa amefundishwa amri popote. Alikaa akichambua maharage na kuwasikiliza tu, na baada ya siku nne alizijibu zote bila kuinua macho. Kichwani mwake hazikumkuta mtu wa kugombana naye. Kwa Élisabeth, kadiri alivyozikazania mpya, hata za zamani zilianza kuyumba. Nyumbani mama yake alimwuliza ya nane, ambayo kwa Waprotestanti ni wizi, naye akajibu ushahidi wa uongo. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Élisabeth alikwenda jikoni kulia.

Siku ya mtihani, Mwalimu Cyprien, katekista, alishika kitabu. Padiri alikaa kando.

"Amri ya sita?"

Usizini ilikuwa mdomoni. Usiue nayo ilikuwa mdomoni, ikatangulia.

Cyprien alifunga kitabu. Élisabeth aliona mwaka mzima ukimpita, na Libérat ndani yake.

"Mwalimu, unisamehe," alisema. "Mu kichwa yangu namba sita iko na wenyewe wawili. Minye nilianza kusoma kwa Waprotestanti. Uniulize kwa neno, usiniulize kwa namba."

Cyprien alisema mtihani ni mtihani. Lakini padiri aliinua mkono, akamwuliza wizi unakatazwa wapi.

"Kwenu ni ya saba, padiri. Kule ni ya nane."

Na wazazi? Ya nne hapa, ya tano kule. Sasa kila namba ilipewa kiti chake, na hakuna iliyosukuma nyingine. Alionyesha zinapoachana, pale kwenye sanamu, na zinapokutana tena kwenye kumi, Wakatoliki wakiwa wameigawa amri ya tamaa kuwa mbili, ya tisa na ya kumi. Cyprien alianza kumfuata kwa vidole, akapotea kwenye ya tatu, akamwomba arudie taratibu.

Padiri aliandika jina lake kwenye orodha ya Pasaka.

Nje, Libérat alikuwa amesimama juani. Aliuona uso wa Élisabeth tu, akatimua mbio kwenda kuwaambia watu wa kwao, akamwacha mchumba wake mlangoni akimwita arudi wafuatane.