Vivuli vya Benchi la Ofisi ya Visima

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa sita, saa mbili kasorobo asubuhi, Violeth alibandika ubaoni kikaratasi cha njano kilichoandikwa "Haneti, pampu, fimbo imekatika". Akarudi nyuma hatua mbili, akakitazama, akaenda kukinyoosha, akarudi nyuma tena. Ubao ulikuwa na safu tatu: Kufanya, Inafanyika, Imekamilika. Aliuchora mwenyewe wiki ya pili tangu aajiriwe, na tangu hapo kofia ya kalamu yake haikutulia, anaichomoa, anaichomeka.

Nje ya mlango, kwenye benchi, vivuli vinne vilikuwa vimeshakaa.

Cha kwanza kilikuwa cha Mama Yasinta wa Haneti. Alikiacha mwezi wa tatu, palizi ilipomwita. Kwao kisimani, mtu akibanwa na shughuli huacha ndoo kwenye foleni, na akirudi anaikuta nafasi yake. Siku ile Mama Yasinta hakuwa na ndoo, akaacha kivuli. Methodi wa masijala aliuliza tu kama kingezuia watu kudeki. Hakikuzuia. Mfagiaji alikuwa anakiinua upande mmoja, anapitisha tambara, anakilaza.

Violeth alichukua barua ya Haneti ya kuomba pampu yao itengenezwe, akatembea nayo meza kwa meza, saa mkononi. Meza zilikuwa saba. Kazi yenyewe, ukiijumlisha yote, ilikuwa dakika arobaini. Siku nyingine zote barua ilikuwa imelala. Jioni hiyo alishindwa kumaliza ugali wake.

Basi wakaanza kukutana kila asubuhi mbele ya ubao, wamesimama, dakika kumi, kila mtu aseme amekwama wapi. Methodi alilalamikia magoti, lakini alisimama. Meza saba zikawa tatu. Vikaratasi vikashika mbio, na kufikia mwezi wa saba vyote vilikuwa vimeganda mahali pamoja, katikati ya ubao, vikisubiri sahihi ya Bwana Zablon.

Bwana Zablon, mkuu wa ofisi, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kwenye semina. Akirudi, alipita kwenye benchi kwa uangalifu asikanyage kivuli cha mtu, maana alilelewa vizuri, halafu akaondoka kwenda semina nyingine. Ya mwisho ilihusu kuharakisha huduma. Mtu wa kukaimu angeweza kusaini badala yake, ila kukaimisha kulihitaji barua, na barua hiyo ilihitaji sahihi ya Bwana Zablon.

Upepo wa vumbi ulipoanza, mwezi wa nane, Mama Yasinta alikuja kukiangalia kivuli chake. Mjukuu alikuwa mgongoni, paji la uso limembabuka kwa jua.

"Shikamoo mama," Violeth alisema.

"Marahaba, mwanangu. Hakijambo?"

"Hakijambo. Kimekonda kidogo."

"Hata mwenyewe nimekonda." Akakipapasa begani. "Tatizo ni huyu. Tukienda korongoni kuchimba maji mchangani, zamani nilikuwa namkalisha kwenye kivuli changu. Kule hakuna hata mti. Sasa nikisimama, jua linanipita, linampiga yeye."

"Kichukue basi, mama. Nitakulindia nafasi."

"Weee! Hawa wa Busi wataniacha? Wameleta viwili, cha mtu na cha punda."

"Kwani punda naye ana barua?" Methodi aliuliza kutoka dirishani.

"Punda ndiye mbeba maji. Ana haki kuliko wewe mkaa kitini."

Mama Yasinta aliondoka mikono mitupu. Wiki iliyofuata walifika wageni wa tathmini. Wakaangalia benchi, wasione mtu hata mmoja anayesubiri, wakaandika kwamba foleni imekwisha. Bwana Zablon akapewa cheti. Alikitundika juu ya ubao, akaagiza benchi la pili.

"Bosi," Violeth alimwahi mlangoni, "fimbo ya pampu ya Haneti iko stoo. Nimeishika kwa mikono yangu. Imebaki sahihi yako tu, haifiki dakika moja."

"Violeth, mdogo wangu, unafanya kazi nzuri sana. Hebu sikiliza ofisi ilivyotulia." Akatazama saa. "Niwekee mezani. Nikirudi."

Violeth aliweka faili mezani, akatoka, akakaa kwenye benchi jipya. Alikaa mpaka saa nne, mguu ukimcheza. Kisha akainuka peke yake. Kivuli chake kikabaki kimekaa, mguu wake ukiendelea kucheza.

"Kisogeze kidogo," Methodi alisema. "Wa Chemba wanakuja."

Akakisogeza.

Saa tisa alikuwa Haneti. Alimkuta Mama Yasinta korongoni, shimoni hadi magotini, mjukuu amekaa mchangani pembeni. Mama alitazama chini ya miguu ya mgeni kabla ya kumtazama usoni.

"Umekiacha?"

"Nimekiacha, mama."

"Cha ngapi?"

"Cha kumi na tisa."

"Si haba. Changu cha kwanza. Zamu ikifika nitakusemea."

Akampa kata, wakachota kwa zamu, maji yakija taratibu, ya rangi ya chai. Jua lilikuwa kali. Violeth akasogea, akasimama upande jua lilikokuwa na kuinama juu ya mtoto ili amkinge, kama mtu yeyote angefanya.

Jua likampita. Mtoto akafumba macho.