Aliyekosa Zote

Tangu gunia la alizeti limwangukie Kefa kichwani kwenye kiwanda cha kukamulia mafuta, bibi yake Marietha hakumwacha aende hospitali peke yake. Kichwa kilimuuma, na akisimama ghafla alipepesuka. Leo walitoka Unyambwa kuja mjini kupimwa kumbukumbu. Bila majibu ya kipimo hicho hapati fidia, na bila fidia atarudi kubeba magunia na kichwa kilekile kibovu.

"Shikamoo bibi," alisema Ritha, mpimaji, akampisha kwenye kiti kizuri kuliko chake mwenyewe.

Akamwonyesha Kefa picha, moja moja: mbuzi, ungo, kinu, baiskeli. Akazifunika, kisha akaanza kuzileta mbili mbili.

"Uliona ipi? Mbuzi au ndoo?"

Kefa akakunja uso. "Ndoo."

"Ungo au kofia?"

"Kofia."

Bibi aliona macho ya mjukuu wake yakitua kwanza kwenye ungo, ndipo kidole kikahamia kwenye kofia. Ikawa hivyo hadi picha ya mwisho.

Ritha akaweka kalamu chini. "Kefa, aliyesahau hubahatisha, na akibahatisha hupata kama nusu. Wewe umekosa zote."

Mama yake angemkemea. Baba yake angetoka nje kwa aibu. Lakini bibi ni mtani.

"Mume wangu," akasema, "shuleni hukuwahi kupata zote. Hii akili ya kukosa zote umeitoa wapi? Hata kuku wangu angedonoa moja ya kweli!"

"Bibi, jamani!"

"Nani kakufundisha?"

"Manase, tunayebeba naye magunia. Alisema nikijibu vizuri wataniita mzima. Na mimi naumwa kweli, bibi."

"Najua unaumwa. Si mimi ninayekushika mkono asubuhi ukiamka? Lakini unga ukishachanganywa na mchanga, mume wangu, nani ataula?"

Ritha aliishika tena kalamu. "Lazima niandike yaliyotokea," akasema kwa upole. "Ila nitaandika pia kwamba umesema mwenyewe. Njoo wiki ijayo, tuanze upya na picha nyingine."

Wiki iliyofuata Kefa alipatia karibu zote. Lakini alipoambiwa ahesabu kwa kurudi nyuma huku akisikiliza maneno ya kukariri, alipotea njiani, jasho likamtoka, akafumba macho kukwepa mwanga. Ritha akainuka akavuta pazia bila kuombwa. Bibi akaliona hilo, akalishukuru moyoni.

"Kumbukumbu ni nzima," Ritha alisema, "ila kichwa kinachoka upesi. Nitaandika hivyo, na nitashauri apumzishwe kwa malipo."

"Na wakikataa?" aliuliza Kefa walipofika mlangoni.

"Tutarudi tena. Mimi na wewe tuna kazi gani nyingine?"

Jua lilikuwa kali. Bibi akavua kanga yake begani, akamtanda nayo kichwani mpaka machoni.

"Bibi, watu wananicheka!"

"Waache wacheke. Bwana harusi nimempata mzuri."

Kefa akacheka, akamshika mkono, wakaondoka polepole.