Sharubati za Merle

Mdogo wangu Merle alipoacha ulevi, alihamia jikoni kwangu. Kulala alikuwa akilala chumba cha chini ya nyumba, alikofikia majira ya kuchipua na mifuko yake miwili na kikohozi, lakini mchana kutwa alikuwa jikoni, akifungua makabati na kuniuliza mdalasini uko wapi. Maisha yake yote huyu mtu alikuwa anaingia jikoni kutafuta kopo la bia tu. Sasa alinichafulia masufuria na kunipangia viungo upya, nami nilimgombeza kila siku, na nasema wazi kwamba nilikuwa na furaha. Tangu mume wangu Hollis afariki, nyumba ilikuwa kimya mpaka nikaanza kuisemesha friji.

"Dada," akaniambia mwanzoni mwa Oktoba, "mwaka huu Halowini tunafanyia hapa."

"Tunafanya na nani? Mimi, wewe na friji?"

"Na majirani. Na Rochelle."

Hapo nikaacha utani. Rochelle ni binti yake, anakaa mwendo wa saa moja kutoka kwetu, na tangu mtoto wake Wren aanze kutembea hakuwahi kumleta kwa babu yake.

"Amekubali?"

"Amesema watapita kidogo tu. Akiona mambo yako sawa, Wren atakuja kukaa nasi wiki ya Sikukuu ya Shukrani, mwezi ujao." Alikuwa akifuta meza ambayo haikuwa na kitu. "Wiki nzima, dada."

Inabidi mjue Halowini ya kwetu ilivyo, huku kwenye mashamba ya matufaha ya Michigan. Siku ya mwisho ya Oktoba watoto wanavaa mavazi ya kuigiza, wanagonga milango wakitaka peremende, wazazi wanawafuata nyuma na vikombe, na kila baraza lina mtu wa kuwamiminia kitu cha kupasha mwili. Mkifika nyumba ya mwisho, mtoto ndiye anayemshika baba yake mkono. Merle alikuwa bingwa wa mchezo huo. Mwaka mmoja Rochelle, bado mdogo, na taji la malkia kichwani, alimvuta kumtoa katikati ya maboga ya jirani huku watu wakicheka. Mimi sikucheka. Kesho yake niliwapigia simu kazini kwake, nikasema ana homa.

Kwa hiyo safari hii sharubati zisizo na kilevi ndizo zilikuwa sherehe yenyewe. Merle alizifanyia majaribio wiki kadhaa, mimi nikiwa mwonjaji, hadi meno yakaniuma. Akabaki na tatu. Ya kwanza aliiita Damu ya Binamu: juisi ya komamanga na machungwa, na ndani yake unaelea mkono wa barafu, uliotengenezwa kwa kugandisha maji kwenye glavu ya mpira. Ya pili, Kinamasi: soda ya tangawizi iliyotumbukizwa aiskrimu ya ndimu hadi ikatoa povu la kijani. Ya tatu ilikuwa juisi ya matufaha kutoka kinu cha jirani, mbichi, haijachemshwa, iliyotiwa mdalasini na vipande vya barafu kavu, ile ya gesi iliyogandishwa, ili ichemke bila moto na kufuka moshi. Hiyo akaiita Machozi ya Mjane.

"Mjane gani?" nikamuuliza.

"Kwani humu ndani wako wangapi?"

"Nitakupa hayo machozi, subiri."

Hiyo ya matufaha yeye mwenyewe hakuionja hata mara moja. Baba yetu alikuwa akificha madumu yake ya juisi ghalani hadi ichache na kuwa pombe, na Merle alianzia huko, kwa kuiba. "Wewe onja," alikuwa akiniambia, "mimi nitakuangalia uso."

Madumu ya juisi tuliyanunua mapema wiki ile ya sherehe. Friji ilikuwa imejaa mikono ya barafu, vidole vilikuwa vinanichungulia kila nikitafuta maziwa, basi nikayatoa madumu na kuyaweka kwenye kibaraza cha nyuma. Kila mtu hapa anafanya hivyo. Oktoba ikishika, kibaraza cha nyuma ndiyo friji ya pili, na baridi haina bili. Katikati ya wiki jua likarudi, jua la kweli, kama vile kiangazi kimesahau kofia, kikarudi kuichukua. Nikaanika mashuka nje. Nikaketi pale kibarazani miguu mitupu, kando ya madumu yale yale, nikamenya maboga na kumshukuru Mungu kwa joto. Siku ya sherehe baridi ikawa imerudi kama kawaida.

Jioni ile, jua halijazama, nyumba ikajaa. Merle alivaa kama sanamu ya kutishia ndege shambani, na majani makavu yaliyomtoka mikononi yakawa yanadondoka kwenye mabakuli. Jirani yetu Duane, ambaye hajawahi kuvuka barabara bila kopo mkononi, aliinamia Kinamasi akakunja uso.

"Merle, hii ya kijani ni ya kunywa au ya kuzibulia sinki?"

"Inategemea sinki lako limeziba kiasi gani. Kunywa, acha maneno."

Akanywa, akarudi kuongeza. Nilimwona Merle akimtazama na kuuma mdomo asitabasamu sana.

Rochelle akaingia. Hakuvaa chochote cha sherehe, na funguo za gari zilikuwa mkononi, kidole kimoja tayari ndani ya pete ya kuzishikia. Wren alikuwa amevaa kama popo, bawa moja limechanika.

"Babu, mbona kuna mkono kwenye juisi?"

"Wa mgeni aliyekunywa bila kunawa."

Mtoto akacheka hadi akakaa chini. Rochelle akamtazama mwanawe, akamtazama baba yake, kisha akazitia funguo mfukoni na kuvua koti. Nilitaka kupiga vigelegele. Nikaenda kupanga biskuti ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Umejitahidi, Baba," nikamsikia anasema.

"Nimejitahidi," Merle akajibu.

Wren akataka ile yenye moshi. Merle akamwambia asubiri barafu iishe yote, isije ikamuunguza ulimi, na wakasimama wawili kando ya bakuli wakitazama mapovu, babu ameweka mkono juu ya bawa. Moshi ulipokwisha akawamiminia, mtoto na mama. Rochelle akaonja kwanza. Watoto waliolelewa na mlevi ndivyo walivyo: hawampi mtu kitu kabla hawajakionja wao.

Akashusha kikombe.

"Wren, nipe hicho."

"Sijanywa bado!"

"Nipe, nimesema." Akamnyang'anya. "Baba, umeweka nini humu?"

"Matufaha. Mdalasini. Barafu."

"Hii imechacha. Hii ni pombe."

Kikombe cha Merle kilikuwa mezani, karibu nami. Mkono wangu ukakichukua, nikakipeleka puani na kunusa. Ilikuwa tangawizi tupu. Nilipoinua macho, Merle hakuwa akimtazama Rochelle. Alikuwa akinitazama mimi.

Ndipo nikakumbuka mashuka, na jua, na miguu yangu mitupu kibarazani.

"Ni mimi!" nikasema. "Rochelle, ni mimi niliyeweka madumu nje. Lile joto la juzi. Merle amemimina tu, na kwa hayo mapovu ya barafu nani angejua? Yeye hata haigusi hiyo."

"Shangazi, usianze."

"Naapa mwanangu, mbele ya Mungu."

"Uliapa pia kwamba ana homa. Uliapa gari liligongwa likiwa limeegeshwa. Nilikuwa mtoto, Shangazi, sikuwa kiziwi." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Akamgeukia baba yake. "Na wewe umezaliwa kwenye matufaha haya. Hapa hata mtoto wa chekechea anajua juisi hii ikipata joto inakuwaje."

"Dumu lilikuwa la baridi," Merle akasema polepole. "Nilidhani limetoka kwenye friji."

Duane akaonja, akasema imechacha kidogo tu, haiwezi kumlewesha hata kuku. Mkewe akamfinya. Rochelle alikuwa ameshavaa koti. Wren alitupungia bawa zima akiwa mlangoni, kisha gari likaondoka.

Wageni wakakumbuka mbwa wao hawajala. Mmoja mmoja wakatoka, wakitushukuru kwa sauti za msibani. Merle alibeba mabakuli, akamwaga zote tatu kwenye sinki, hata zile mbili ambazo hazikuwa na kosa. Watoto wengine wakagonga mlango, akawapa peremende, akawasifu mavazi yao, akafunga. Nilikuwa nikitafuta la kumwambia, na yote niliyoyapata yalikuwa ni ya kujitetea mimi.

Alipomaliza kuosha akaja niliposimama. Alikuwa bado na majani kwenye mikono ya shati. Akainama hadi uso wake ukawa karibu na wangu, akapumua.

"Nusa," akasema.

"Merle, acha upuuzi."

"Nusa, dada."

Nikanusa. Tangawizi na sabuni. Akaitikia kwa kichwa, akashuka ngazi kwenda chumbani kwake.

Rochelle nilimpigia mara nyingi. Alipokea mara moja tu. "Nakupenda, Shangazi," akasema. "Siku utakaposema jambo lisilomsaidia Baba, nitakusikiliza." Sikuwa na jambo kama hilo. Lililokuwepo lilikuwa la kweli, na la kweli lilimsaidia.

Sikukuu ya Shukrani tulikula kuku, kwa sababu bata mzinga wa sikukuu hiyo ni wa watu wenye watu. Merle alipika viazi vizuri sana. Nilivisifu kupita kiasi, naye akanishukuru kama mgeni anavyomshukuru mwenye nyumba.

Bado anakaa kwangu na bado hanywi. Lakini kila jioni, kabla ya kushuka, anakuja nilipo, anainama na kunipumulia usoni, kisha ananitakia usiku mwema. Sijamwomba afanye hivyo. Kila akiinama naona aibu, natamani kumshika mabega nimwambie inatosha, mimi nakuamini. Kisha pumzi inanifikia, nanusa, na sijamwambia aache.