Kokwa Chini ya Sinki

Mashine ya kusaga mabaki ya chakula, iliyo chini ya sinki, ilinguruma bila kusaga. Kulikuwa hakujapambazuka, nami nimesimama jikoni na gauni la kulalia, nimetia vipande vya barafu kwenye tundu la sinki kama alivyozoea kufanya Emil ili meno ya mashine yabaki safi. Nilipowasha swichi ilisema mmm, na barafu haikuvunjika. Nikazima upesi. Emil alinifundisha kwamba ukiiacha ingurume hivyo, inaungua.

Emil ni mume wangu. Tangu majani yaanze kupukutika anaishi kwenye nyumba ya wazee waliopotewa na kumbukumbu, upande wa pili wa mji wetu wa Youngstown. Mimi peke yangu sikuwa na mabaki ya kusaga, kwa hiyo mashine haikuguswa. Sasa tulikuwa tumeuza nyumba, nami nahamia kwa binti yetu Noreen. Asubuhi hiyo lingekuja lori la kuondoa vitu, na adhuhuri wanunuzi wangepita chumba hadi chumba, kama ilivyo desturi, wakifungua kila bomba na kuwasha kila swichi kabla ya kutia saini.

Kila nikienda kumwona, Emil huuliza, "Tunarudi lini nyumbani?" Wauguzi walinisihi nisimwambie kwamba nyumba imeuzwa. Lakini katika ndoa yetu yote sikuwahi kumdanganya, hata bei ya kofia. Niliazimia kumwambia jioni ile ile.

"Mama, utamuumiza bure," Noreen alisema kwenye simu.

"Baba yako si mtoto."

"Atasahau ulichomwambia, atabaki na kilio tu, asijue analia nini."

Nikamwambia lori limefika, nikakata simu.

Wapakiaji walikuja wawili: Lamar, mtu mzima mwenye ndevu zenye mvi, na Curtis, mwembamba, mwenye maneno.

"Bi Verna, hili kabati ulizaliwa nalo?" Curtis aliuliza, amekwama nalo mlangoni.

"La mama mkwe wangu."

"Ndiyo maana halitaki kutoka!"

"Inua kwa mikono, Curtis," Lamar alisema. "Mdomo umeshafanya kazi ya kutosha."

Nilicheka. Nilikuwa sijacheka siku nyingi.

Kisha Curtis akashika mguu wa kiti cha Emil, ili akirushe juu ya magodoro. Kule anakoishi walikikataa kwa sababu ni cha kitambaa. Lamar akamwambia, "Hicho weka chini. Kitaingia mwisho, na kitaingia kimesimama." Sikuwa nimemwomba. Alikuwa ameona tu jinsi ninavyokitazama.

Nilirudi kupiga magoti chini ya sinki. Lamar akanikuta hapo.

"Unatafuta nini huko, Bi Verna?"

"Mashine imekwama, na wanunuzi wako njiani."

Spana ndogo iliyopinda ya mashine hiyo ilikuwa imening'inia nyuma ya mlango wa kabati, pale pale Emil alipoitundika. Lamar akanyoosha mkono.

"Kwanza ukate umeme," nikamwambia.

"Ndiyo, mwalimu."

Aliingiza spana kwenye tumbo la mashine, akaizungusha huku na huku mpaka ikalegea. Halafu akachukua koleo yangu ya jikoni, akaanza kuchomoa kilichokwama kupitia tundu la juu. Kokwa za matunda ya plamu. Moja, nyingine, nyingine tena, zimechubuka pembeni.

"Wajukuu hao," alisema.

"Hapana," nikasema.

Emil alikuwa haruhusu kitu kigumu wala maganda kupita pale. Krismasi moja aliona dada yangu anasukumia maganda ya viazi, akapaza sauti mbele ya kasisi: "Helen, hiyo ni mashine, si nguruwe!" Kiangazi kilichopita nilikuwa nikimpa plamu kila alasiri. Alikula akiwa amesimama kwenye sinki, kisha akafuta sinki kwa kitambaa hadi likang'aa. Mimi chumba cha pili nikisikia maji, nikifurahi, nikijiambia bado anajua jiko lake. Kumbe alikuwa anasukuma kokwa kwa kidole, moja moja, naye ndiye aliyetukataza sote. Nami nilidhani bado ninaye.

Nilikaa sakafuni. Lamar aliziosha kokwa zile, akazifunga kwenye karatasi safi, akaniwekea mkononi badala ya kuzitupa kwenye mfuko.

"Mama yangu alikuwa anaficha soksi kwenye friji," alisema. "Tulizivaa hivyo hivyo, za baridi."

Akarudisha umeme, akafungua maji baridi, akawasha. Ikasaga. Wanunuzi walipokuja, iliwaka mara moja.

Jioni nilimkuta Emil dirishani, vifungo vya sweta vimepishana.

"Karibu, mama," alisema. Hakuniita Verna. "Umetoka mbali?"

"Ng'ambo ya mto."

"Mimi nina nyumba huko. Mke wangu yuko peke yake, na hapendi giza likimkuta peke yake." Akainama karibu yangu. "Hukupita hapo? Nyumba iko salama?"

Maneno niliyokuwa nimeyapanga yalikuwa ya kumwambia mume wangu. Nikamtazama mzee huyu mpole aliyekuwa akinisubiri nijibu.

"Nimepita," nikasema. "Iko salama. Taa ya jikoni inawaka."

Mabega yake yakashuka. Nikamfungua vifungo, nikamfunga upya, naye akatulia kama mtu anayehudumiwa na mgeni, akitazama pembeni kwa adabu. Muuguzi akaja kuwaita wazee kwa chakula cha jioni. Nikasimama, nikachukua koti.

Emil akanishika mkono wa koti.

"Wewe ni mtu mwema," alisema. "Uje tena. Hata kama huna shughuli huku, mama, uje tena unitazame."