Bahasha Aliyoipokea Mama Mkwe

Ungedhani watu wazima hawawezi kukoseshana usingizi kwa sababu ya visahani. Lakini Jumatano ile Dobi alipanda ngazi za ofisi ya klabu amekunja uso kama shati lililosahauliwa kwenye beseni, na nyuma yake alipanda mama mkwe wake, kimya, jambo ambalo halikuwa kawaida yake hata kidogo.

Mchezo wenyewe ni gofu ya visahani. Hakuna mpira wala fimbo. Unasimama kwenye mstari, unarusha kisahani cha plastiki, unakifuata kilipoangukia na kurusha tena, mpaka kiingie kwenye kikapu cha chuma chenye minyororo. Aliyerusha mara chache ndiye mshindi. Dobi aliuanza pale mteja mmoja aliposahau kisahani kwenye mfuko wa nguo chafu na asirudi kukidai. Mkono uliozoea kukung'uta mashuka mazito ulikipenda mara moja.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa mpinzani mkuu. "Sahani hurushwa na waliogombana," alimwambia mwanawe, makusudi kabisa, Dobi akisikia. "Muulize mkeo, mna ugomvi gani?" Mwanawe, aliyekwisha kujifunza faida za kunyamaza kati ya wanawake wawili, aliendelea kupiga pasi. Kisha siku moja mama huyo akaenda uwanjani mwenyewe, ili apate la kusema zaidi. Dobi akarusha kutoka mbali, minyororo ikalia, na mama mkwe akajikuta amesimama juu ya kiti akipiga kelele. Tangu hapo yeye ndiye aliyebaki dukani kupokea nguo za wateja ili mkazamwana wake aende mazoezini, na ole wake mteja aliyeuliza Dobi yuko wapi.

Sasa, klabu ilikuwa na madaraja mawili. Wachezaji wa ridhaa hucheza kwa mapenzi yao, na wakishinda hupewa kombe. Wachezaji wa kulipwa hupewa pesa. Wa ridhaa anaruhusiwa kwenda kujipima kwa wakubwa, ila akiangukia kwenye nafasi za zawadi ni lazima aikatae pesa mbele ya watu. Akiipokea, ridhaa ameiaga.

Dobi aliijua sheria hiyo vizuri. Mwezi uliopita alikwenda kujipima kwa wakubwa, akashika nafasi ya tatu bila kutarajia, na kabla zawadi hazijatolewa akapigiwa simu: mashine ya kukaushia inatoa moshi, na mumewe yuko peke yake na suti za watu. Akaondoka mbio. Jina lake lilipoitwa, mama mkwe alitazama kulia, akatazama kushoto, akaona aibu inakaribia kuiangukia familia. Akajitengeneza kitambaa cha kichwa, akaenda mbele, akaipokea bahasha kwa mikono miwili na kushukuru kwa niaba ya ukoo mzima. Katika maisha yake yote hakuna aliyemfundisha kwamba mtu akikupa kitu hadharani, adabu ni kukikataa.

Kesho yake asubuhi Dobi aliirudisha bahasha ikiwa haijafunguliwa. Katibu wa klabu aliisukuma ikarudi upande wake wa meza. Imeshapokelewa, alisema, na maji yakimwagika hayazoleki.

Na Jumamosi hii ndiyo ilikuwa fainali ya ridhaa. Miaka miwili mfululizo Dobi alikuwa wa pili, nyuma ya mwalimu mmoja wa hesabu mwenye mkono mtulivu, na mwaka huu alikuwa amemshinda mwalimu huyo kila walipokutana. Alilitaka kombe lile. Hakuona haya kulisema: tangu azaliwe hakuwahi kutaka kitu namna ile, na hata harusini kwake alisukumwa kidogo.

Ofisini, walikoitwa na kamati, kulikuwa na viti vya plastiki, feni iliyozunguka kwa kujilazimisha, na sheria za klabu ukutani ndani ya fremu nzuri kuliko picha ya mtu yeyote. Katibu alimpa mama mkwe shikamoo ya haraka, hakungoja marahaba, akakaa kati ya wajumbe wawili wa kamati.

"Dada, tunakupenda," alianza. "Hakuna anayetaka kukukosesha fainali. Tumetafuta njia, na njia ipo. Useme tu mbele yetu kwamba huyu mama alichukua bahasha bila idhini yako. Basi. Tutabandika maneno hayo kwenye ubao wa matangazo, pesa irudi, nawe Jumamosi ucheze."

"Bila idhini," Dobi alirudia. "Kwa Kiswahili cha mtaani, hiyo inaitwaje?"

Katibu alikohoa. "Tusifike huko."

"Mtu akisoma pale ubaoni atafika mwenyewe."

"Sheria ni msumeno, dada. Hukata mbele na nyuma."

"Msumeno nao una mpini, Katibu, na mpini umeushika wewe."

Mjumbe mmoja aliinamisha uso kuficha kicheko. Hapo mama mkwe akafungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu watoke nyumbani. "Sema, mwanangu. Sema nimeiba. Mimi mzee, sina kazi ya kufukuzwa wala mchumba wa kunikimbia. Kombe ni lako. Sema twende zetu."

Alilisema kama mzaha, lakini mikono yake ilikuwa imeshikana mapajani, na Dobi akaiona. Aliiona pia picha ya ubao ule: wauza duka, wateja, watoto wa jirani, wote wakisoma kuhusu mama aliyechukua kisicho chake. Na kusema kweli, kwa muda mfupi alitaka kulisema hivyo hivyo. Sentensi moja tu. Nani angemlaumu, ikiwa mwenyewe ameshatoa ruhusa? Hasira ilimpanda, kwanza kwa Katibu, kisha kwa mama mkwe na adabu zake, kisha kwake mwenyewe kwa kuwa alikuwa bado anafikiri.

"Andikeni," alisema.

Katibu alichukua kalamu, amefurahi.

"Huyu ni mama yangu. Alichopokea yeye nimepokea mimi. Kama kosa lipo, ni langu, na sitamtoa kafara mtu wa nyumbani kwangu ili nipate bakuli la bati."

"Kombe ni la shaba," alisema mjumbe mwingine, ameudhika.

"Hata lingekuwa la dhahabu."

Katibu aliweka kalamu chini. "Basi wewe ni mchezaji wa kulipwa, kuanzia leo. Jumamosi utacheza na wale wanaokula na kulala na visahani. Watakumaliza."

"Wanimalize nimesimama. Niandike."

Walivyommaliza! Jumamosi alirusha vizuri kuliko siku zote za maisha yake, akawa wa tano kati ya sita, na wa sita alikuwa na kifundo cha mguu kilichovimba. Uwanja wa pili, mwalimu wa hesabu aliinua kombe la ridhaa juu ya kichwa. Dobi alipiga makofi kwa sababu mwalimu hakuwa na kosa. Iliuma. Na hakujidanganya kwamba haiumi.

Watu walipokusanyika kwa ajili ya zawadi, Katibu alitangaza kanuni mpya. Kuanzia msimu ujao, kila mchezaji ataje mapema mtu wa kupokea zawadi yake asipokuwepo. "Ili tusiletewe tena," alisema, akatua, "wapokeaji wa kujitolea." Vichwa viligeuka. Wengine wakacheka. Mama mkwe, aliyekuwa kiti cha mbele na kitambaa chake kipya, aliinama kama anayetafuta kitu mkobani.

Dobi alisimama, matope mpaka magotini. "Katibu, nianze mimi."

"Wewe?" Katibu alitabasamu. "Wewe umekuwa wa tano, dada. Hata hao wa kulipwa, wa tano halipwi. Unaweza kuomba kurudishwa ridhaa baada ya mwaka, tutalitazama ombi lako."

"Siombi kurudi. Mwakani niko hapa hapa, na mwaka wa mbele yake pia, mpaka mchoke kuniona." Sauti yake ilitetemeka, akaiacha itetemeke. "Na mahali pa mpokeaji, andika mama mkwe wangu. Niwepo nisiwepo, apewe yeye. Asiulizwe idhini na mtu yeyote."

Katibu alishika kalamu, akawatazama watu, akangoja wacheke tena. Hawakucheka. Akaandika.