Daraja la Stockard

Ubao wa kura ukutani uliwaka nyekundu karibu wote, na ukumbi mzima wa Bunge la jimbo ukaangua kicheko. Ndiyo desturi yao: mbunge mgeni akileta muswada wake wa kwanza, wenzake humpigia hapana, wamwache atoke jasho, kisha wageuze kura kuwa kijani na kumshangilia.

Mgeni wa siku hiyo alikuwa Corinne Habermehl, muuguzi wa zamani. Muswada wake uliomba jambo moja: wodi ya wazazi ya Tarkett isifungwe, maana hospitali nyingine iko mwendo wa saa mbili kwa gari. Kando yake aliketi Verlin Stockard, mbunge mkongwe kuliko wote, aliyezaliwa katika wodi hiyohiyo. Naye alibonyeza nyekundu, akitabasamu.

"Usinune, binti," alimnong'oneza. "Wangu ulihusu nyuki. Wabunge walinivumia mpaka nikasahau jina langu."

Kidole chake kilikuwa njiani kuelekea kijani Spika Pruett alipogonga nyundo. Kura zimefungwa. Muswada umeanguka.

Kicheko kilikatika vipande vipande; wengine walidhani mzaha unaendelea. Lakini Pruett alikuwa ameitaka wodi ile ifungwe tangu mwanzo, na sasa desturi ilikuwa imemfanyia kazi yake bila yeye kuchafua mikono.

Kanuni iliacha mlango mmoja wazi. Kabla ya hoja nyingine kuitwa, yeyote aliyekuwa upande ulioshinda angeweza kuomba kura irudiwe. Corinne peke yake ndiye aliyepiga kijani. Waliobaki walimtazama Verlin. Tarkett ilikuwa nyumbani kwake.

"Simama, mzee," Corinne alisema. "Mimi siruhusiwi. Wewe unaruhusiwa."

Verlin alishika ukingo wa meza. Hoja iliyofuata ilikuwa ya kuliita daraja jipya la Tarkett kwa jina lake. Kutoka juu, Pruett aliinua nyusi kama mwenye duka anayemsubiri mteja aamue. Zamani Verlin alikuwa akisimama hata asipoitwa. Baadaye alijifunza kuchagua siku ya kusimama, na hatimaye akaacha kuchagua. Goti lilimuuma. Alijiambia kuwa ni goti.

"Kesho nitaongea naye. Mambo haya yana njia zake."

"Njia ipi, mzee? Ile ya saa mbili?"

Spika aliita hoja ya daraja. Ubao ukawaka kijani, wote, isipokuwa taa moja.

Vuli ilipofika, watu wa Tarkett walikusanyika darajani, wakala pai za tufaha huku bendi ikipiga. Verlin alikuwa ameshika mkasi mkubwa wa sherehe aliposikia king'ora nyuma yake. Gari la wagonjwa lilisimama mbele ya utepe, na ndani yake mwanamke alikuwa akipiga ukelele, akinyamaza, akipiga tena.

Verlin aliuminya mkasi kwa mikono miwili. Ulikuwa wa mapambo. Haukuwa na makali. Dereva alishuka, akaung'oa utepe kwa mkono, akaondoa gari bila kumtazama.

Bendi ilianza tena, taratibu. Mpiga picha akamwomba mheshimiwa asogee kidogo, analiziba jina.